Ubinafsi Waliouita Mtakatifu



Wapendwa wasomaji wetu, mfano wa mfalme tunaousoma katika Injili ya Luka, sura ya 14, huhubiriwa kwa kawaida juu ya gharama ya kumfuata Kristo, na ndivyo inavyopasa. Lakini Bwana wetu alipotafuta mfano ambao hata mtu asiye na elimu angeuelewa mara moja, alichukua jambo la vita. Mfalme huketi kwanza, akawahesabu askari wake elfu kumi, akawalinganisha na elfu ishirini wa mwenzake, na akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta amani wakati adui angali mbali. Juma hili tunaomba ruhusa ya kubaki na mfano huo katika maana yake ya dunia hii, kwa sababu kuna fundisho linaloenea ambalo hatuwezi kulinyamazia.

Fundisho lenyewe ni hili: kwamba taifa likikaa kando wakati mataifa makubwa yanapigana, ni taifa la waoga au la wasio na dhamiri, na kwamba hatimaye likiingia vitani, limeamshwa na haki. Tumelisikia likisemwa na watu wenye shahada zao, tena baadhi yao waamini wema wanaokaa viti vya mbele kanisani. Sisi tunasema historia haishuhudii hivyo. Katika vita kuu iliyoanza mwaka 1914, mataifa mengi yaliyokuwa kando na kisha yakaamua kuingia, yaliingia baada ya kuafikiana bei. Na walioafikiana bei sio waliokwenda kuilipa.

Tuiondoe kwanza Ubelgiji, ili tusionekane tunawaonea watu. Ubelgiji haikuamua lolote. Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yalivuka mpaka wake, na nchi iliyoapiwa na mataifa makubwa kwamba haitaguswa ikageuzwa njia ya kupitia. Mwenye nyumba anayepambana na mwizi sebuleni hakuchagua kuingia vitani. Mjadala wetu ni juu ya wale waliokuwa na nafasi ya kuketi na kuhesabu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Italia. Tangu mwaka 1882 Italia ilikuwa na mapatano na Ujerumani na Austria-Hungaria. Vita ilipolipuka, serikali ya Roma ilitangaza kwamba haitaingia, na kwa hoja halali: mapatano yale yalikuwa ya kujilinda, na Austria ilikuwa imeishambulia Serbia bila hata kumshauri mwenziwe. Laiti jambo lingeishia hapo. Lakini mwezi Oktoba 1914 Waziri Mkuu, Antonio Salandra, alisimama mbele ya maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje akawaambia kwamba kinachopasa kuiongoza Italia ni ubinafsi mtakatifu. Ndugu zangu, tumesoma teolojia ya maadili kwa miaka kadhaa seminarini, na hatukukutana popote na ubinafsi wa namna hiyo. Dhambi ikivishwa kanzu haigeuki kuwa padre.

Baada ya hapo Italia ilifanya kama muuzaji mwenye ng'ombe mmoja na wanunuzi wawili. Kwa upande mmoja iliisikiliza Vienna, ikiitaka itoe nchi za Trentino na nyinginezo kama malipo ya kukaa kimya. Kwa upande wa pili, Waziri wa Mambo ya Nje, Sidney Sonnino, alizungumza kwa siri na Uingereza, Ufaransa na Urusi. Na hapa msomaji aone jambo ambalo wanaosifu dhamiri za mataifa hawalitaji. Austria, ikitaka kumpa Italia ardhi, ilipaswa kujikata nyama ya mwili wake yenyewe. Kwa hiyo ilisitasita, ikatoa kidogo, tena kwa kuchelewa. Uingereza na Ufaransa ziliahidi ardhi ya Austria, na kuahidi mali ya jirani hakumgharimu mtu kitu. Ndiyo maana mnunuzi anayemvuta jirani aingie vitani huwa karibu siku zote mkarimu kuliko yule anayemwomba akae kando. Mnada huo umepangwa ili vita ishinde.

Mkataba ulitiwa sahihi London tarehe 26 Aprili 1915, kwa siri. Italia iliahidi kuingia vitani ndani ya mwezi mmoja. Iliahidiwa Trentino na Tirol ya kusini hadi mlima wa Brenner, Trieste, Istria, sehemu ya Dalmatia pamoja na visiwa vyake, mgawo katika nchi za Uturuki iwapo zingegawanywa, na msaada wa kupata mkopo usiopungua pauni milioni 50. Wakazi wa Dalmatia wengi wao walikuwa Waslavi, hakuna aliyewauliza. Wajerumani wa Tirol nao hawakuulizwa. Wala Waitalia wenyewe hawakuulizwa, kwa kuwa Bunge lao halikuonyeshwa mkataba huo.

Vipo vifungu viwili ambavyo sisi hapa hatuna budi kuvitazama kwa makini. Cha 13 tutakirudia. Cha 15 kilisema kwamba Uingereza, Ufaransa na Urusi zitaiunga mkono Italia katika kumzuia mjumbe yeyote wa Kiti Kitakatifu asishiriki mazungumzo ya amani. Someni tena, wapendwa. Kabla risasi yao ya kwanza haijalia, walikuwa wamekwisha kuafikiana nani asiitwe siku ya kupatana.

Sababu yake inajulikana. Tangu majeshi ya Italia yalipoiteka Roma mwaka 1870, suala la uhuru wa Papa lilikuwa halijapatiwa ufumbuzi, na Sonnino alihofia kwamba Papa akikaa mezani ataliibua mbele ya mataifa. Tunaielewa hofu hiyo kisiasa. Lakini anayedai kwamba Italia iliingia kwa ajili ya haki na atueleze ni haki gani inayoanza kwa kumfungia mlango mtu aliyekuwa akiita pande zote mbili zisimamishe mauaji.

Tunajibiwa kwamba wananchi walitaka vita. Kwamba umati ulijaa barabarani mwezi Mei 1915, na serikali haikuweza kuuzuia. Ni kweli umati ulikuwepo. Mshairi Gabriele D'Annunzio aliuwasha moto kwa hotuba zake, kwanza huko Quarto tarehe 5 Mei, kisha Roma. Benito Mussolini, aliyefukuzwa katika chama cha Wasoshalisti mwezi Novemba 1914 kwa kugeuka na kudai vita, alikuwa akipiga kelele katika gazeti lake jipya, ambalo fedha zake hazikutoka mifukoni mwa maskini. Lakini umati wa uwanjani sio taifa. Mwezi Aprili Salandra mwenyewe aliwaagiza wakuu wa mikoa wampe taarifa za siri juu ya maoni ya watu, na taarifa zilizorudi zilionyesha kwamba wengi, hasa wakulima, hawakuitaka vita. Giovanni Giolitti, mzee wa siasa aliyepata kuwa Waziri Mkuu mara kadhaa, alikuwa amesema waziwazi kwamba Italia ingeweza kupata mengi bila kupigana. Alipofika Roma mwezi Mei, wabunge wapatao 300 walipeleka kadi zao nyumbani kwake kuonyesha kwamba wako pamoja naye. Hao walikuwa zaidi ya nusu ya Bunge.

Salandra alijiuzulu tarehe 13. Mfalme akakataa kumwachia. Giolitti alitukanwa na kutishwa barabarani hata akaondoka mjini. Wabunge wale wale, wakitishwa na umati na kuelezwa kwamba heshima ya mfalme imekwisha kuwekwa rehani, walipiga kura tarehe 20 Mei: 407 wakakubali, 74 wakakataa. Vita dhidi ya Austria ilitangazwa tarehe 23 Mei, siku ya Pentekoste. Siku ambayo Roho Mtakatifu aliwafanya watu wa lugha nyingi waelewane, ndiyo waliyoichagua.

Tukubali pia, kwa kuwa ukweli hauna upande, kwamba wako Wakatoliki, hata mapadre, waliobebwa na mkondo huo.

Kilichofuata kinaelezwa na mto mmoja. Kando ya mto Isonzo, kati ya Juni 1915 na Septemba 1917, Jenerali Luigi Cadorna alianzisha mashambulizi makubwa kumi na moja mahali pale pale, juu ya mawe yale yale, akasogea kilometa chache. La kumi na mbili lilikuwa la adui: Caporetto, mwezi Oktoba 1917, ambapo Waitalia zaidi ya 250,000 walitekwa. Hadi vita inakwisha askari wa Italia wapatao 600,000 walikuwa wamekufa, wengi wao wakulima waliotoka vijiji ambako Trieste lilikuwa jina tu. Askari wapatao 750 walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa hukumu za mahakama za kijeshi.

Na bei? Wabolsheviki walipotwaa madaraka Urusi mwezi Novemba 1917, waliitoa mikataba ya siri hadharani. Hivyo mama wa Kiitalia aliyempoteza mwanawe miaka miwili iliyopita akapata sasa kusoma alikuwa ameuzwa kwa kiasi gani. Mwaka 1919 huko Paris Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikataa kutambua ahadi ya Dalmatia, Waziri Mkuu Orlando akatoka mkutanoni kwa hasira, na Waitalia wakaanza kuimba kwamba ushindi wao umekatwa viungo. D'Annunzio akauteka mji wa Fiume mwezi Septemba mwaka huo. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1922, yule mwenye gazeti akawa Waziri Mkuu. Hata kwa mizani ya ubinafsi wenyewe, sembuse ya Injili, biashara ile ilikuwa hasara.

Wengine tuwapite haraka. Bulgaria iliingia Oktoba 1915 upande wa Ujerumani kwa kuahidiwa Makedonia. Rumania iliingia Agosti 1916 kwa kuahidiwa Transilvania, na kabla ya Noeli mji wake mkuu ulikuwa mikononi mwa adui. Kwamba baadaye iliipata Transilvania hakuwafufui waliokufa. Ureno iliingia Machi 1916 baada ya kuzikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake, kwa ombi la Uingereza. Viongozi wake walitaka kulinda makoloni na kupata kiti mezani. Nasi wa kusini tunajua kiti hicho kilinunua nini. Kilinunua Kionga, kile kipande kidogo upande wa kusini wa mdomo wa mto Ruvuma, kilichotwaliwa na Wareno Aprili 1916 na kuunganishwa na Msumbiji. Mwaka uliofuata Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno huko Ngomano, akajitwalia silaha zao na vyakula vyao. Mnaosali Rozari mkumbuke kwamba wale watoto watatu wa Fatima, mwaka 1917, walikuwa watoto wa nchi iliyokuwa vitani, na kwamba mwaka huo huo Papa Benedikto XV aliagiza sala kwa Malkia wa Amani iingizwe katika Litania ya Bikira Maria.

Kuhusu Marekani hatutaki kuwa wepesi. Hapo wapinzani wetu wana hoja ya kweli. Nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya abiria Lusitania tarehe 7 Mei 1915, wakafa watu 1,198, na Wamarekani kati yao walikuwa 128. Taifa lina haki ya kuwalinda raia wake. Wilson hakudai ardhi. Hata hivyo, baada ya Lusitania aliendelea kukaa kando karibu miaka miwili, akachaguliwa tena Novemba 1916 kwa sifa ya kuwaepusha watu wake na vita, akaingia Aprili 1917. Katika muda huo mabenki ya Marekani yalikuwa yamezikopesha Uingereza na wenzake zaidi ya dola bilioni 2, na Ujerumani sehemu ndogo sana. Ujerumani ilipoanza tena Februari 1917 kuzamisha meli bila kubagua, ilivunja haki za watu na kuhatarisha deni kwa wakati mmoja. Sisi hatusemi deni peke yake ndilo lililoamua. Tunasema anayetusimulia habari za dhamiri pasipo kulitaja deni ametupa nusu ya habari.

Na katika kisa hicho hicho yumo mfalme wa Luka, mahali ambapo hatukumtarajia. Januari 1917 Ujerumani iliitumia Meksiko ujumbe wa siri: ikiwa Marekani itaingia vitani, Meksiko ijiunge na Ujerumani, nayo itasaidiwa kuzirudisha Texas, New Mexico na Arizona. Mnada ule ule, na mali ya jirani ile ile. Rais Venustiano Carranza hakuwa rafiki wa Kanisa; katiba iliyotangazwa nchini mwake mwaka huo iliwafunga mikono mapadre na kuinyima Kanisa mali. Lakini haki ya mtu ni haki yake. Aliwaagiza wanajeshi wake wapime, wakapima, wakaona haiwezekani, akakataa. Hakuna mwana wa Meksiko aliyekufa kwa ajili ya Texas.

Sasa turudi nyumbani. Mkataba Mkuu wa Berlin wa mwaka 1885, uliochora njia ya kugawana bara letu, ulikuwa na kipengele kimoja chenye hekima: nchi za bonde la Kongo kwa maana pana, ambamo Afrika Mashariki yote ya Wajerumani na ya Waingereza ilihesabiwa, zingeweza kuwekwa kando iwapo wakoloni wangepigana Ulaya. Ubelgiji ilijaribu kukitumia. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka pia vita isifike huku. Lakini tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam ili kuharibu mnara wa simu ya upepo, na tarehe 22 Agosti Wajerumani wakashambulia bandari ya Lukuga upande wa Kongo. Kukaa kando kwa Waafrika kulidumu siku chache, kukavunjwa na watu wasiokuwa Waafrika. Jina la Kariakoo tunalolitamka kila siku kwa habari za maduka na mpira lilitokana na kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile hadi wakafa kwa kuhara, njaa na uchovu. Hakuna aliyewapa nafasi ya kuketi na kuhesabu.

Hapo ndipo kifungu cha 13 kinapofika. Kilisema kwamba Uingereza na Ufaransa zikijiongezea makoloni ya Kijerumani barani Afrika, Italia itastahili fidia kwenye mipaka ya makoloni yake. Uingereza ilipata Tanganyika. Kwa hiyo ilidaiwa. Mwaka 1925 nchi ya Juba pamoja na Kismayu iliondolewa katika Kenya ikakabidhiwa Italia. Watu wa pwani ile walilala upande mmoja wa mpaka wakaamka upande mwingine, kwa sahihi iliyotiwa London miaka kumi kabla, ili vijana wa Calabria na Sisilia wapelekwe Isonzo.

Kuna pingamizi moja tunalolipokea kwa heshima. Wengine hutuuliza: je, mbele ya Hitler nako kungekuwa haki kukaa kando? Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu, namba 2309, inakubali kujilinda kwa silaha, lakini kwa masharti makali: madhara ya mshambuliaji yawe ya kudumu, mazito na ya hakika, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, pawe na matumaini ya kweli ya kufaulu, na uovu utakaoletwa na silaha usizidi ule unaoondolewa. Yapimeni matendo ya Salandra kwa sharti la pili peke yake. Njia nyingine haikuwa imeshindikana. Austria ilikuwa bado inatoa. Aidha Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alionya kwamba katika zama zetu ni vigumu mno kuvitumia vigezo vile vya kale kusema kwamba vita fulani ni ya haki.

Wala kukaa kando si kukaa kimya. Benedikto XV alichaguliwa Septemba 1914, vita ikiwa na mwezi mmoja. Aliomba silaha zinyamaze siku ya Noeli mwaka ule, hakusikilizwa. Alianzisha ofisi ya kuwatafuta wafungwa na waliopotea, akafanya mipango ya kubadilishana wagonjwa na majeruhi. Tarehe 1 Agosti 1917 aliziandikia serikali zote zinazopigana, akaiita vita ile mauaji yasiyo na faida, akapendekeza kupunguza silaha, usuluhishi wa lazima, uhuru wa bahari, kusameheana fidia, na Ubelgiji irudishiwe uhuru wake wote. Wako Wafaransa waliomwita Papa wa Wajerumani, na wako Wajerumani waliomwita Papa wa Wafaransa. Wilson alimkatalia mwezi huo huo. Mwezi Januari uliofuata akatangaza mambo yake kumi na manne, na anayetaka aziweke karatasi hizo mbili pamoja ajionee zinavyofanana.

Kifungu cha 15 kilitekelezwa. Mwaka 1919 mataifa yaliketi Paris na Kiti Kitakatifu hakikuwa na kiti. Askofu Mkuu Bonaventura Cerretti alitumwa huko, akapita kwenye milango ya pembeni, kwa ajili ya jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja: mali za misioni za Wajerumani katika makoloni waliyonyang'anywa zisitaifishwe. Alifaulu, kifungu cha 438 cha Mkataba wa Versailles kiliamua zikabidhiwe wadhamini wa dhehebu lile lile. Wabenediktini waliojenga Peramiho na Ndanda walikuwa wamekamatwa na kuondolewa nchini. Iringa walikuja Wakonsolata kutoka Italia mwaka 1919. Dar es Salaam walikuja Wakapuchini mwaka 1921, kutoka Uswisi, nchi iliyokaa kando vita yote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.